Stata Haizunguki Ukikanyaga Klachi: Kutafuta Chanzo, Kujaribu Dairekti na Kupasha Injini Moto

Magari mengi ya gia za mkono yana swichi ndogo kwenye pedeli ya klachi. Kazi yake ni kuizuia stata (mota inayowasha injini) isizunguke mpaka pedeli ifike chini. Swichi hii ikiharibika, dalili zake hufanana mno na za betri dhaifu, relei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyokufa au stata iliyochoka, na ndiyo maana stata nyingi nzima hung'olewa na kubadilishwa bure. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine. Unaeleza pia jinsi ya kuiruka swichi kwa kuunganisha waya dairekti, kama kipimo cha dakika chache, na kwa nini muunganisho huo usiachwe ndani ya gari. Mwishoni tunaingia kwenye matatizo ya kupasha injini moto, kwa sababu wengi wanaoiondoa swichi hii huiondoa ili wawashe gari wakiwa nje na kuliacha linanguruma.

## Kabla ya kugusa waya wowote

Weka gia nyutro, kisha utikise mkono wa gia kushoto na kulia uhakikishe kweli umetoka kwenye gia. Vuta hendibreki. Zuia magurudumu kwa mbao au mawe, mbele na nyuma. Mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari, hata kwa sekunde moja ya kuchungulia.

Usiichukulie hatua hii kijuujuu. Stata ina nguvu ya kulisogeza gari zima likiwa gia ya kwanza au rivasi, na injini ikishika moto gari haliishii kusogea, linaondoka. Aliye chini ya dashibodi akishika waya hana mguu wowote kwenye breki.

Kama gari liko ndani ya gereji, fungua milango yote au lisukume nje. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na hukusanyika haraka kwenye nafasi iliyofungwa.

## Umeme unapita wapi

Ukigeuza funguo hadi mwisho, umeme hutoka kwenye swichi ya funguo, ukapita swichi ya klachi, ukaingia kwenye koili ya relei ya stata na kuishia kwenye bodi, yaani chuma cha gari kinachorudisha umeme kwenye betri. Relei ikivuta, hupitisha umeme mkubwa zaidi kwenda kwenye solenoidi iliyobebwa na stata. Solenoidi nayo hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: husukuma gia ndogo ya stata ing'ate meno ya flaiwili (gurudumu zito lililofungwa kwenye injini), na huunganisha waya mnene wa betri na mota.

Kuna tofauti tatu ambazo ni lazima uzijue, kwani ndizo zinazowapoteza watu.

Katika baadhi ya magari swichi ya klachi iko upande wa bodi wa koili, si upande wa funguo. Ukipima volti kwenye waya zake pedeli ikiwa juu, unaweza kukuta volti 12 upande mmoja na sifuri upande wa pili na kudhani waya umekatika. Haujakatika. Koili inasubiri tu njia ya kurudi kwenye bodi.

Katika baadhi ya magari ya zamani hakuna relei ya stata kabisa. Umeme wote wa solenoidi hupita kwenye funguo na kwenye swichi ya klachi, nao ni makumi ya ampea kwa sehemu ya sekunde solenoidi inapovuta, kisha hupungua. Swichi za namna hii huungua midomo yake ya ndani (sehemu zinazogusana kupitisha umeme) mapema, na ukitaka kuziruka unahitaji waya mnene kama ule wa asili, si uzi wa spika.

Katika magari mapya, hasa ya kuwasha kwa kitufe, swichi haibebi umeme wa stata hata kidogo. Hupeleka taarifa kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua kuivuta relei. Mengine hayana swichi bali sensa ya kupima pedeli iko wapi, yenye waya tatu au zaidi na umeme wa volti 5. Sensa hiyo usiiunganishe dairekti. Unaweza kuiua yenyewe au kuidhuru kompyuta.

Jambo la mwisho hapa: pedeli moja mara nyingi ina swichi mbili. Ya juu huguswa pedeli ikiwa imeachwa, na kazi yake kwa kawaida ni kukata mwendo wa kujiendesha (cruise control) pale unapokanyaga klachi. Ya chini huguswa pedeli ikifika karibu na sakafu, na hiyo ndiyo ya stata. Njia rahisi ya kuzitambua ni kukanyaga pedeli taratibu kwa mkono huku ukiangalia ni kidole cha swichi gani kinaingia mwishoni mwa safari.

## Dalili na vyanzo vyake

Kimya kabisa, lakini taa za dashibodi zinang'aa. Washa taa kubwa za mbele, kisha geuza funguo kuwasha. Kama taa hazififii hata kidogo na husikii mlio wa relei wala wa stata, umeme haufiki kwenye koili ya relei. Hapa ndipo swichi ya klachi inaposhukiwa kwanza. Kabla ya kuifikia, angalia fyuzi ya stata kwenye boksi la fyuzi, na angalia kama taa ya kinga ya wizi inapepesa kwenye dashibodi. Funguo isiyotambuliwa na gari huleta ukimya huohuo katika magari kadhaa.

Sasa angalia sakafuni, chini ya pedeli. Ukikuta vipande vya plastiki au mpira mkavu uliovunjikavunjika, karibu umeshapata jibu. Kwenye mkono wa pedeli kuna tundu lenye kizibo kidogo cha plastiki, na kizibo hicho ndicho kinachobonyeza kidole cha swichi. Kikizeeka hukauka, hupasuka na kuanguka. Baada ya hapo kidole cha swichi huingia ndani ya tundu bila kubonyezwa, na swichi iliyo nzima kabisa inaonekana imekufa. Kizibo kipya hubanwa kwa kidole tu, bila spana. Kama hakipatikani siku hiyo, boliti ya M6 yenye kichwa kipana na laini, pamoja na washa na nati nyuma yake, itashika nafasi yake kwa muda. Kichwa kisiwe na kona kali, kitakata kidole cha swichi.

Kizibo cha swichi ya juu kikianguka, gari huwaka kama kawaida ila mwendo wa kujiendesha unagoma. Pedeli ya breki ina kizibo cha aina hiyohiyo, na chake kikivunjika taa za breki hubaki zinawaka mpaka betri iishe. Ukiwa umelala hapo chini, kiangalie nacho.

Linawaka ukikanyaga kwa nguvu zote tu, au ukisogeza kiti mbele. Pedeli haifiki mwisho. Ondoa kapeti ya sakafuni kwanza. Kapeti nene iliyojikunja au zulia la pili lililowekwa juu ya la kwanza vinatosha kuinyima pedeli safari inayohitaji. Ikiwa kapeti haina kosa, swichi imelegea kwenye bano lake au haijasetiwa sawasawa. Nyingi zina uzi na nati ya kufungia. Legeza nati, zungusha swichi isogee kuelekea kwenye pedeli, kisha kaza. Vipimo vya kitabu cha gari ndivyo vya kufuata. Kama huna kitabu, lenga swichi iunganishe pedeli ikiwa imebakiza takribani sentimita 1 kufika mwisho.

Usiizidishe. Swichi iliyosogezwa mno itaruhusu stata wakati klachi bado imeshika. Baada ya kuseti, gia ikiwa nyutro, kanyaga pedeli nusu na ugeuze funguo: stata isizunguke. Ikizunguka, rudisha swichi nyuma.

Linakubali mara tatu, mara ya nne linagoma. Midomo ya swichi imeungua, au soketi yake imeota kutu ya kijani. Sehemu ya miguu ni mahali pa maji na tope, na soketi hii iko karibu na sakafu. Ichomoe, isafishe kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, angalia kama pini zimelegea, kisha ichomeke na kuichomoa mara kadhaa. Halafu ipime kama ilivyoelezwa chini. Swichi yenye midomo iliyoungua haitengenezeki, inabadilishwa.

Tak-tak-tak ya haraka. Hii si klachi. Betri imeshuka au vichwa vyake vimelegea. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya chaji, na chini ya 12.0 ni tupu. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya volti 9.6 katika joto la kawaida. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe au wa kijani vifungue, vikwangue ving'ae, uvirudishe na kuvikaza.

Tak moja nzito, kisha kimya. Solenoidi imevuta lakini mota haipati umeme au imekwama. Swichi ya klachi imeshafanya kazi yake, iache. Chanzo kiko kwenye stata yenyewe, kwenye waya mnene, au kwenye waya unaounganisha injini na bodi. Huo wa mwisho husahaulika mno baada ya gari kushushwa injini au gia boksi.

Stata inazunguka bila kukanyaga klachi. Ama swichi imeganda ikiwa imeunganisha, ama kuna aliyewahi kuiunganisha dairekti. Fuata waya zake kwa macho na vidole mpaka kwenye soketi. Kwenye gari ulilonunua likiwa limetumika, jambo hili lipime siku ya kwanza, kwa sababu mguu wako umezoea kulindwa na swichi ambayo huenda haipo.

Stata inazunguka kwa kasi, injini haishiki. Klachi haihusiki. Tafuta mafuta, moto wa plagi au kinga ya wizi. Kuunganisha swichi dairekti hapa ni kupoteza muda.

Gari la kitufe linaandika "kanyaga klachi" na huku umeikanyaga. Kompyuta haipati taarifa. Kagua kizibo, soketi na kapeti kama hapo juu, kisha tumia mashine ya kusomea kompyuta uone kama hali ya pedeli inabadilika unapoikanyaga. Ikibadilika, tatizo liko mbele zaidi: kwenye betri ya funguo au kwenye relei.

## Kupima, kisha kujaribu dairekti

Anza na relei, si na swichi. Kipimo cha relei hugawa njia nzima ya umeme mara mbili kwa dakika moja, nacho kinafikika ukiwa umesimama.

Tafuta relei ya stata kwenye boksi la fyuzi na uichomoe. Nyingi zina namba kwenye miguu yake: 85 na 86 ni koili, 30 ni umeme unaoingia, 87 ni unaokwenda kwenye solenoidi. Weka taa ya kupimia kati ya tundu la 85 na la 86. Mtu wa pili akanyage klachi hadi chini na kugeuza funguo. Taa ikiwaka, swichi ya klachi na funguo viko sawa. Tatizo ni relei au kitu kilicho mbele yake. Taa isipowaka, tatizo liko nyuma, na sasa una sababu ya kuingia chini ya dashibodi.

Kama unataka kujua hali ya stata pia, unganisha tundu la 30 na la 87 kwa waya mnene kwa sekunde moja. Stata ikizunguka kwa nguvu, yenyewe pamoja na betri na waya zake ni vizima. Kumbuka kwamba muunganisho huu unaruka kila kinga iliyopo, ikiwemo funguo. Hakikisha nyutro tena kabla hujaugusa.

Sasa swichi. Chomoa soketi yake. Weka multimita kwenye omu, ncha moja kwenye kila pini ya swichi. Pedeli ikiwa juu isome njia iliyokatika. Pedeli ikifika chini isome chini ya omu 1. Ikisoma omu 20 au 50, au ikirukaruka unapoitikisa pedeli, imekufa hata kama gari linawaka siku nyingine.

Kipimo cha omu kina udhaifu: multimita hupitisha umeme mdogo sana, na mdomo ulioungua unaweza kupita mtihani huo na bado ukashindwa chini ya mzigo. Kwa hiyo rudisha soketi, weka multimita kwenye volti, na uchome ncha zake nyuma ya soketi, moja kwenye kila waya. Pedeli chini, funguo kwenye kuwasha. Usomaji ukizidi volti 0.3 hivi, swichi inakula umeme uliotakiwa kufika kwenye koili.

Ndipo uje kwenye dairekti, na kwa swichi yenye waya mbili tu. Utahitaji waya mfupi wenye kishika fyuzi katikati na ncha zinazoingia kwenye soketi bila kupanua pini. Fyuzi iwe sawa na ile ya mfumo wa stata iliyoandikwa kwenye boksi, isiwe kubwa zaidi.

1. Hakiki nyutro, hendibreki na vizuizi vya magurudumu. Funguo itoke.
2. Chomoa soketi ya swichi ya chini. Ingiza ncha za waya kwenye matundu mawili ya soketi, upande wa gari, si upande wa swichi.
3. Kaa kwenye kiti cha dereva, mguu juu ya breki. Usiwashe gari ukiwa umechuchumaa mlangoni.
4. Geuza funguo. Stata ikizunguka, swichi, kizibo au usetiji wake ndio chanzo. Isipozunguka, swichi haina kosa. Rudi kwenye fyuzi, funguo na waya.
5. Zima, ondoa waya, rudisha soketi.

Fyuzi ya kwenye waya wako ikikatika papo hapo, usiweke kubwa zaidi. Ama umeunganisha swichi isiyo yake, ama kuna waya unaogusa bodi.

## Je, dairekti ibaki?

Hapana. Kama uko mahali pa mbali na huna swichi nyingine, iache ikufikishe, bandika karatasi juu ya usukani inayosema klachi haina kinga, na mweleze kila atakayeshika funguo. Ukifika, badilisha swichi.

Hoja inayotolewa sana kuitetea ni beringi ya msukumo (thrust bearing) ya kreni, shafti kuu ya injini, yaani vile vipande vinavyoizuia kreni isisogee mbele na nyuma. Kukanyaga klachi kunaisukuma kreni kuelekea mbele, na wakati wa kuwasha oili bado haijapanda, kwa hiyo vipande hivyo hufanya kazi vikiwa na utando wa oili uliobaki tu. Hoja ina ukweli ndani yake. Injini ya Mitsubishi 4G63 ya boliti saba (za kufungia flaiwili) inajulikana kwa kreni inayotembea, na wamiliki wake wengi huiruka swichi kwa sababu hiyo. Klachi za mashindano zenye springi ngumu huongeza mzigo huo zaidi.

Kwa injini nyingine iliyo nzima, yenye klachi ya kawaida, mzigo ni wa sekunde moja au mbili kwa kasi ndogo ya stata. Kama una wasiwasi, pima badala ya kubahatisha. Injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage na kuachia klachi huku wewe ukiangalia puli ya kreni. Ikionekana kwa macho ikienda mbele na kurudi, weka kipimo cha saa (dial gauge) juu yake. Injini nyingi huruhusu mwanya usiozidi takribani milimita 0.3. Ukizidi hapo, injini inahitaji kufunguliwa, na hakuna swichi itakayoiokoa.

Upande wa pili una hoja yake pia, na kwenye baridi ndiyo yenye nguvu. Klachi isipokanyagwa, stata hulazimika kuzungusha shafti za gia boksi ndani ya oili nzito pamoja na injini yenyewe. Betri iliyochoka inaweza kushindwa kwa tofauti hiyo tu.

Toyota iliwahi kuweka kitufe maalumu cha kuifuta kinga hii kwenye baadhi ya pikapu zake za magurudumu manne, ili dereva aliyezimikiwa mlimani aweze kuwasha akiwa ndani ya gia. Ni kitufe kinachobonyezwa kwa makusudi, kinga ikabaki palepale siku nyingine zote. Anayehitaji uwezo huo aige mpango huo, si waya uliofungwa kwa utepe.

Hatari kubwa kuliko zote ni kifaa cha kuwasha gari kwa mbali kikiunganishwa kwenye gari la gia za mkono lenye swichi iliyorukwa. Madereva wengi huegesha wakiwa wameacha gia ya kwanza ili gari lisiserereke, na ni desturi nzuri. Bonyeza rimoti ukiwa ndani ya nyumba, na gari hilo litaanza safari peke yake. Tafadhali usifanye hivyo, hasa mahali penye watoto.

## Limeshawaka: kupasha moto na yanayokwama

Injini yenye sindano za mafuta haihitaji kunguruma dakika kumi. Sekunde 30 hadi 60 zinatosha oili kufika kila mahali. Kwenye baridi ya kugandisha, ongeza dakika moja au mbili. Baada ya hapo endesha taratibu, usizidishe mizunguko 2,500 hivi kwa dakika mpaka sindano ya joto kwenye dashibodi itulie. Injini hupata moto haraka zaidi ikiwa na mzigo mdogo kuliko ikikaa bure. Ikinguruma baridi kwa muda mrefu, petroli ya ziada inayomwagwa ndani huosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo maana gari linalopashwa moto kila asubuhi bila kwenda popote huwa na oili inayonuka petroli na wakati mwingine inayopanda kwenye kijiti cha kupimia.

Uachiapo klachi baada ya kuwasha, gia ikiwa nyutro, achia polepole. Oili ya gia boksi ni nzito, mzunguko utashuka kidogo, kisha utapanda. Hilo si tatizo.

Taa ya oili haizimiki. Inatakiwa izime ndani ya sekunde chache. Ikipita sekunde 5, zima injini na upime oili. Usikanyage mafuta ili "kuisukuma" oili. Unasugua beringi kavu kwa kasi zaidi.

Sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haipandi, injini inataka kuzima ikiwa baridi. Injini baridi hujipandisha yenyewe, mara nyingi hadi mizunguko 1,200 au 1,500, kisha hushuka kadiri inavyopata moto mpaka 650 hadi 850. Isipopanda, safisha throto, mlango wa hewa ya injini, kwanza. Masizi kwenye ukingo wa kipepeo chake huziba hewa inayohitajika. Kwenye injini zenye valvu ya hewa ya sailensi, isafishe nayo. Kisha pima sensa ya joto la maji. Nyingi husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Sensa inayosema injini ina moto wakati ni baridi huinyima injini mafuta, nayo huzima.

Sailensi haishuki hata injini ikiwa na moto. Sensa ileile ikikosea upande wa pili, au hewa inayoingia kwa mwanya baada ya throto: hosi iliyopasuka, gasketi ya manifoldi iliyokauka. Sikiliza mluzi. Moshi mweusi pamoja na plagi nyeusi kavu huelekeza kwenye sensa. Mzunguko unaopanda na kushuka huelekeza kwenye mwanya wa hewa.

Sindano ya joto haifiki katikati, au inashuka ukiwa kwenye mwendo. Thamostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) imebaki wazi, au imetolewa. Shika hosi ya juu ya rejeta tangu injini ikiwa baridi. Inatakiwa ibaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha ipate moto kwa ghafla thamostati inapofunguka. Ikipata moto polepole tangu mwanzo, thamostati haifungi. Itoe uichemshe kwenye maji pamoja na kipimajoto. Ianze kufunguka karibu na nyuzi zilizopigwa muhuri juu yake, kwa kawaida 82 au 88, na ikipanda nyuzi kumi na kitu zaidi iwe imefunguka takribani milimita 8. Kompyuta mara nyingi huandika kosa namba P0128 kwa tatizo hili.

Kuondoa thamostati ili "injini isichemke" ni kosa linaloumiza. Injini isiyofikia joto lake inakula mafuta zaidi, inachafua oili na inachakaa silinda. Kama inachemka, tafuta kwa nini.

Moshi mweupe. Mvuke mwembamba unaopotea baada ya dakika chache ni unyevu uliokuwa ndani ya ekzosi. Mweupe mzito usiokwisha, wenye harufu tamu, na maji ya rejeta yanapungua: gasketi ya silinda hedi. Kwenye dizeli, moshi mweupe unaochoma macho na kunuka mafuta ambayo hayajaungua, huku injini ikitetemeka kwa dakika ya kwanza, unatoka kwenye plagi za moto, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha. Zipime moja moja kwa omu baada ya kuchomoa waya wake. Nzima husoma omu moja hivi au chini, iliyokufa husoma njia iliyokatika. Moshi wa bluu wakati wa kuwasha tu, kisha ukaisha, ni mpira wa valvu unaovujisha oili usiku.

Mlio wa tik-tik unaoisha injini ikipata moto. Kama ni wa sekunde chache, ni tapeti za oili zinajaa. Kama unadumu dakika kadhaa, pima kiwango cha oili na unene wake. Oili nzito ya 20W-50 kwenye injini iliyoundwa kwa oili nyepesi ya 5W-30 huchelewa kufika juu ikiwa baridi. Kama mlio unafuata kasi ya injini na kuna masizi meusi kwenye maungio ya manifoldi ya ekzosi, ni moshi unaovuja kupitia mwanya ambao chuma kikipata moto hutanuka na kuuziba. Usiache uvujaji huo uendelee, kwa sababu hewa ya kupooza ndani ya gari huvutwa kutoka karibu na hapohapo.